Ukuta Uliopigwa Msasa

Jumatano ile niliondoka benki saa tatu asubuhi nikiwa nimejipaka poda mara mbili. Ninajua ni mara mbili kwa sababu Redio alihesabu.

"Ya kwanza ilikuwa ya kazi," alisema kutoka meza ya pili. "Hiyo nyingine ya nani?"

Redio ni afisa mwenzangu wa mikopo ya nyumba. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzima.

"Ninakwenda ukaguzi," nilimjibu nikiwa nimeinamia mkoba.

"Kwa fundi milango."

"Ni mwombaji kama waombaji wengine."

"Waombaji wengine unawakagua kwa simu, shoga yangu. Nenda salama. Umesahau kalamu."

Kweli nilikuwa nimeisahau. Nilirudi kuichukua huku uso ukiniwaka moto.

Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Chuoni nilikuwa nikijua jibu nasubiri mwingine alitoe. Lakini niweke mbele ya mtu anayetafuta nyumba, ulimi unafunguka wenyewe. Mwezi uliotangulia walikuja walimu wawili, mke na mume, na hati zao mbili za mshahara. Niliwaambia wachanganye vipato na wachague riba isiyobadilika, ili mwezi wa ada za watoto usiwakute riba nayo imepanda. Akaja nesi mstaafu ambaye alitaka mkopo wa miaka ishirini. Nilimwuliza kwa upole, mama, miaka yote hiyo ya nini? Tukakubaliana aweke nusu ya kiinua mgongo chake, deni lililobaki alimalize kwa miaka mitano. Akaja muuza mitumba asiye na akiba yoyote, nikamwonyesha mpango wa kupanga nyumba ambapo sehemu ya kodi huhesabiwa kuwa ununuzi. Wote hao niliwatazama usoni bila shida.

Kisha, wiki tatu kabla ya Jumatano ile, akaja yeye. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi na penseli nyuma ya sikio.

"Dada, nimesikia benki haimtaki mtu asiye na mshahara."

"Si kweli. Benki inataka tu kujua fedha zako zinaingiaje."

"Zinaingia mlango kwa mlango," alisema, halafu akatabasamu upande mmoja wa mdomo, na mimi nikaandika tarehe vibaya kwenye fomu.

Alitaka nyumba ya vyumba viwili yenye ua nyuma. Miaka minne alikuwa akilala kwenye stoo ya karakana yake, na katika miaka hiyo alikuwa ameweka akiba iliyofika moja ya tano ya bei, hivyo malipo ya awali hayakuwa tatizo. Mkopo uliomfaa ulikuwepo pia: ule ambao marejesho hufuata msimu, unalipa zaidi miezi ambayo watu wanajenga, unalipa kidogo miezi ya mvua. Kilichokosekana ni kumbukumbu za kipato cha miaka mitatu.

"Kumbukumbu zipo," aliniambia aliporudi mara ya tatu, wiki moja kabla ya ukaguzi. "Kila mlango ninaouza nauandika kwenye ukuta wa karakana. Tarehe, mteja, bei. Ukuta wangu ni wa mbao, unapokea penseli vizuri."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kumwambia: nitakuja na daftari, nitanakili kila mstari, usiuguse. Badala yake nilinyanyua macho, nikakuta ananitazama, sentensi yote ikanipotea. Nilichofanikiwa kusema kilikuwa:

"Basi Jumatano nitakuja kuuona ukuta."

Akasema karibu sana. Na muda ulikuwa umetubana. Mwenye nyumba, mzee aliyestaafu posta, alikuwa amempa hadi Ijumaa ya wiki ya ukaguzi, saa kumi jioni, alete barua ya benki. Baada ya hapo nyumba ingekwenda kwa mnunuzi mwingine aliyekuwa na fedha taslimu mkononi.

Nilipofika karakana, kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa harufu ya vanishi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa mpaka inang'aa. Milango iliyokuwa inasubiri wateja ilipangwa kwa urefu kama wanafunzi kwenye gwaride. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe, kitu ambacho hakuna fundi anayekivaa kazini.

"Karibu, dada wa benki. Angalia usiguse, bado haujakauka vizuri."

"Nini hakijakauka?"

Akanionyesha kwa mkono, akiwa na furaha ya mtu anayefunua zawadi. Ukuta wote, kutoka kona hadi kona, ulikuwa umepigwa msasa na kupakwa vanishi. Ulikuwa mzuri ajabu. Mishipa ya mbao ilionekana kama mawimbi madogo. Hapakuwa na alama hata moja ya penseli.

Niliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa vanishi.

"Fundi. Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani?"

"Tarehe. Wateja. Bei. Miaka mitatu."

Tabasamu lake lilikaa pale pale kwa muda, likiwa halina tena sababu.

"Ulisema unakuja kuuona ukuta," alisema taratibu. "Nikaona aibu uuone ukiwa mchafu. Nimeupiga msasa siku mbili. Nilianza na namba ya msasa ya kukwaruza, nikamalizia na ile laini kabisa."

"Nilikuwa nakuja kuunakili."

"Hukuniambia."

"Najua sikukuambia."

Akakaa kwenye benchi la kupigia randa. Nami nikakaa upande wa pili, skirti yangu ikichukua vumbi na wala sikujali. Tukautazama ukuta ule mzuri usio na faida.

"Wewe kwa nini hukusema?" aliniuliza, bila ukali.

"Uliniangalia."

Nilisema hivyo nikitazama viatu vyangu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi sikupiga msasa kwa ajili ya benki."

Moyo ulinienda mbio hadi nikaogopa angeuona ukiruka chini ya blauzi. Sikumwuliza zaidi, maana nilikuwa na siku mbili tu na kazi ilikuwa inaungua. Nikafungua daftari.

"Wateja wako unawakumbuka?"

"Baadhi. Wengine walihama, wengine niliwajua kwa jina la utani tu."

"Kuna mtu mwingine yeyote anayejua umetengeneza milango mingapi?"

Akafikiri huku akizungusha penseli kwenye vidole.

"Yuko mmoja. Ninakonunua mbao. Kila Jumatatu miaka yote hii, risiti ananipa mimi na nakala inabaki kwenye kitabu chake. Zangu nimewashia moto wa kuchemshia gundi. Yeye hatupi hata karatasi ya pipi." Akatikisa kichwa. "Lakini hawezi kutoa vitabu vyake, dada. Yule mama ni mkali. Ukimwuliza bei mara mbili anakuambia kanunue mabati. Mama Mbao, sijui kama unamjua."

Nilifunga daftari.

"Namjua," nilisema. "Ni mama yangu."

Penseli ikamdondoka.

*

Mama alikuwa anapima mbao pale uani kwake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Hakuinua kichwa.

"Saa sita mchana na huko benki hamjafunga. Umefukuzwa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Hapana mama. Nimekuja kikazi. Kuna mteja wako anaomba mkopo wa nyumba kwetu, nahitaji nakala za risiti zake. Amesaini kibali, hiki hapa."

"Nani?"

"Fundi milango. Yule wa karakana ya kona."

Mama akaiweka mbao chini. Akanitazama kuanzia viatuni, akapanda hadi kwenye skirti yenye unga wa mbao, akafika usoni na kukaa hapo.

"Umekaa wapi wewe mpaka ukachafuka hivyo?"

"Kwenye benchi."

"Benchi la nani?"

Mama alinizaa, hakuhitaji jibu.

"We mtoto," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ingekuwa heri ingekuwa ya ukali. "Unajua baba yako alikuwa fundi viti. Mzuri, mikono ya dhahabu, Mungu amrehemu. Tulihama nyumba za kupanga mara saba. Mara mbili nilikuwa na mimba yako. Sikukusomesha ili uje uishi na mtu ambaye mwisho wa mwezi kwake ni siku mteja akijisikia kulipa."

"Mama, hajaniambia lolote."

"Na wewe?"

"Nami sijamwambia lolote."

"Basi mmenyamaziana vizuri sana, hadi mimi nimesikia kutoka huku."

Nilicheka bila kupenda, kisha machozi yakanilenga.

"Mama, huyu anatafuta hicho hicho mlichokosa wewe na baba. Anataka asihamishwe. Ijumaa saa kumi ikimkuta hana barua, nyumba inakwenda. Na kosa ni langu, mimi ndiye sikumweleza. Nisaidie kama mteja wako tu."

Alipangusa miwani kwa ncha ya khanga. Kisha akaingia ndani. Nilisikia makabati yakifunguliwa, vitu vikisukumwa, mama akinung'unika peke yake. Alitoka na vitabu tisa vya risiti vilivyofungwa kwa mpira.

"Kama mteja, namfahamu," alisema akinikabidhi. "Mwezi wa tano mwaka juzi nilimhesabia mbao moja zaidi kwa bahati mbaya. Akairudisha kwa miguu, ameibeba kichwani. Hilo liandike kama lina mahali pa kuandikwa. Hayo mengine mimi sijayabariki."

*

Alhamisi nzima nilikuwa kwenye vitabu vile. Fundi aliketi ng'ambo ya meza yangu na tulifanya kazi kama watu wanaozima moto. Mlango wa chumba unakula mbao ngapi? Wa mbele je? Zinazoharibika? Kila Jumatatu tuliigeuza kuwa milango, milango tukaigeuza kuwa kipato, kisha tukawapigia simu wateja aliowakumbuka ili kulinganisha. Wa kwanza alithibitisha. Wa pili alithibitisha na akauliza dirisha lake litakuwa tayari lini. Wa tatu aliongea na fundi dakika kumi kuhusu bawaba. Hadi jioni miaka mitatu ilikuwa imerudi, mwezi baada ya mwezi, na miezi ya mvua ilionekana imeshuka pale pale aliposema.

"Unajua," alisema akiitazama karatasi ya mwisho, "sikuwahi kujua kwamba nimefanya kazi kiasi hiki."

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia asaini hapa na hapa.

Ijumaa saa tano kasoro asubuhi nilisimama mbele ya bosi. Bosi wetu ni mama wa makamo asiye na utani na faili. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka taratibu.

"Hii ya mbao ni akili," alisema hatimaye. "Vitabu ni vya mama yako, hilo mji mzima unalijua, nitampa mtu mwingine avithibitishe. Mkopo wa msimu unamfaa. Malipo ya awali yapo. Jaza ukurasa wa mwisho nisaini, barua itoke."

Ukurasa wa mwisho nimekuwa nikiujaza kwa miaka miwili bila kuusoma. Safari hii niliusoma. *Je, afisa ana uhusiano binafsi na mwombaji?* Ndiyo. Hapana. *Kama ndiyo, eleza.*

Kalamu ilisimama hewani.

"Kuna nini?" aliuliza bosi.

"Bosi, mtu akiweka ndiyo inakuwaje?"

Akavua miwani. "Faili linakwenda kwa afisa mwingine, analisoma upya kuanzia mwanzo. Ni siku nzima hiyo. Unaweka ndiyo?"

"Sijui."

"Hujui kama una uhusiano na mtu?"

"Sijui, bosi. Naomba nikaulize."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kutamka maneno hayo, na sijui bosi alinipaje ruhusa ya kutoka. Nilijikuta kwenye ukumbi wa kusubiri, fomu na kalamu mkononi. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, shati lile jeupe, mikono katikati ya magoti. Watu wengine wanne walikuwepo. Redio alikuwa mezani kwake, na masikio yake pia yalikuwepo.

Nilikaa kiti cha pembeni yake.

"Kuna swali kwenye fomu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Wanauliza kama mimi na wewe tuna uhusiano."

Akageuka.

"Ukisema hapana," niliendelea haraka kabla sijakimbia, "barua inatoka saa hii hii, nyumba ni yako. Na si uongo, maana hakuna aliyesema lolote. Ukisema ndiyo, faili linaanza kusomwa upya na mtu mwingine. Huenda saa kumi ikatukuta."

"Na wewe ungejibu nini?"

"Nyumba si yangu. Nyumba ni yako. Jibu wewe kwanza."

"Nimekuuliza wewe, dada."

Nilitazama dari. Nilitazama feni. Nikajikaza.

"Kila siku unayokuja ninaandika tarehe vibaya," nilisema.

Hakucheka. Alinitazama kwa namna ile ile iliyonipotezea sentensi wiki iliyopita, ila safari hii sikuinamisha macho.

"Miaka minne nimelala stoo," alisema. "Nyumba naitaka, usidhani siitaki. Naitaka mpaka naiota. Lakini nikaingie mle ndani kwa karatasi inayosema wewe si kitu kwangu?" Akatikisa kichwa. "Weka ndiyo."

"Fundi, fikiri."

"Nimefikiri siku mbili nikiwa na msasa mkononi. Weka ndiyo."

Nikaweka ndiyo. Ilibaki sehemu ya kueleza, na hapo kalamu ilinigomea tena. Akaichukua mkononi mwangu kwa upole, vidole vyake vikigusa vyangu kwa mara ya kwanza, akaandika kwa mwandiko wa fundi, herufi pana zilizosimama wima. Redio alikuwa tayari ameshafika na kunyoosha mkono. Akasoma kwa sauti, watu wanne wote wakisikia:

"*Umeanza leo saa tano na dakika kumi.*"

Akanitazama. Nilijiandaa kwa utani wa mwaka mzima.

"Lete faili," alisema. "Na mtu yeyote asiniongeleshe."

Tangu nimjue Redio, sikuwahi kumwona amenyamaza. Siku ile, kwa saa nne nzima, hakutamka neno lisilo la kazi. Hakwenda kula. Alirudia kila hesabu, akawapigia wateja wote upya, akamwuliza fundi maswali makavu kana kwamba hawajawahi kuonana. Mimi nilikaa mezani kwangu nimekatazwa kugusa chochote, nikitazama saa ya ukutani. Saa saba. Saa nane. Saa nane na nusu akampigia mama yangu, na kwa kuwa simu ya mezani ile ina sauti kubwa, wote tulisikia.

"Mama, huyu fundi milango unamfahamu kibiashara?"

"Namfahamu. Miaka mitatu hajakopa kwangu hata msumari. Andika hivyo."

"Asante mama. Na kuhusu uhusiano wake na—"

"Hilo usiniulize wewe," alisema mama. "Aje aniulize anayehusika. Namsubiri, sina haraka." Akakata.

Fundi alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, macho yamemtoka. Nilifunika mdomo kwa mkono ili nisicheke mbele ya wateja. Mama yangu asiyekuwa na haraka na mtu yeyote ni mama yangu aliyekwisha kulegea.

Saa tisa na dakika ishirini bosi alisaini. Barua ilikuwa bado na joto la mashine aliponikabidhi.

"Mpe mwenyewe," alisema. "Halafu leo toka mapema. Huna kazi utakayoifanya."

Tulikimbia. Mimi, mtu wa haya, nilikimbia barabarani mchana kweupe nikiwa nimeshika viatu mkononi, na mkono mwingine ukiwa ndani ya mkono wake mgumu wenye sugu za randa. Watu walitupisha. Mwanamke mmoja alituuliza kama kuna mgonjwa. Tulifika kwa mzee wa posta saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, tunahema kiasi cha kushindwa kusalimia. Mnunuzi mwingine alikuwa ameshakaa sebuleni na bahasha yake mapajani.

Mzee aliisoma barua mara mbili, polepole, kama mtu aliyepitisha maisha yake yote kwenye barua za watu. Kisha akamgeukia yule mnunuzi.

"Samahani, bwana. Hawa wamefika ndani ya muda."

Akatupa funguo za ile nyumba, tukaenda kuitazama tukiwa wawili. Ilikuwa tupu, kuta zikiwa na alama za picha zilizoondolewa. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye milango, akaifungua na kuifunga mmoja mmoja, akiguna kila bawaba ilipolia. Nilimfuata bila viatu, sakafu ya baridi chini ya nyayo zangu, na kila chumba nilichoingia nilihisi kama kifua kinapanuka.

Jikoni kulikuwa na giza. Palikuwa na ukuta mtupu pande zote. Akatoa futi mfukoni, akaivuta, akapima ukuta wa kushoto, akapima wa kulia, akasimama katikati akijikuna shingo.

"Hapa ninaweka dirisha," alisema, akinipa mgongo, sauti yake nayo ikiwa ya mtu wa haya. "Nimeshindwa kuchagua. Wewe ungependa upande gani?"

Hakuwa amemaliza kuuliza nilipovuka chumba na kuweka kiganja changu ukutani, upande linakochomoza jua.

"Hapa," nilisema, kwa sauti kubwa iliyojaza nyumba nzima.